Maiti Hadaiwi Zaka



Wapendwa wanaparokia, na ndugu wote mnaopitia tafakari hizi kila juma, tumeingia tena mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu wetu. Bahasha za nia za Misa zimejaa mezani pangu, vijana wa vigango wanafyeka makaburi, na kila familia inayakumbuka majina ya watu wake. Ni desturi njema na ninawapongezeni. Hata hivyo juma hili sitaandika juu ya toharani, wala juu ya rehema kamili inayopatikana kwa kuzuru makaburi na kuwaombea marehemu kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8. Hayo nimekwisha kuyaeleza miaka iliyopita, na asiyeyakumbuka na amwone katekista wake.

Nataka niandike juu ya jambo ambalo sisi mapadre hulizungumza kwa sauti ya chini tukiwa mezani, na ninyi walei hulizungumza kwa sauti ya juu mnaporudi kutoka makaburini. Nalo ni hili: desturi ya kumnyima Mkristo mazishi ya Kanisa kwa sababu hakulipa zaka, au kwa sababu daftari la jumuiya linaonyesha kwamba hakuhudhuria sala za kila juma. Desturi hii imeota mizizi katika parokia nyingi za nchi yetu, na huko kwa majirani zetu pia mambo si tofauti sana. Imezoeleka kiasi kwamba wengi wanadhani ni sheria ya Kanisa. Siyo. Nasema tena kwa wanaosoma haraka haraka: siyo sheria ya Kanisa. Na kwa jinsi nilivyoiona miaka yote hii, mara nyingi ni pazia ambalo sisi wachungaji tunalitumia kuuficha uzembe wetu wenyewe.

Najua baadhi ya ndugu zangu mapadre watakunja uso wakisoma maneno haya, na wenyeviti kadhaa wa jumuiya watasema Baba Paroko ametuangusha. Basi na nianze na mimi mwenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba ninarusha mawe nikiwa nimejificha.

Nilipata daraja takatifu ya upadre mwaka 2010, majuma machache tu baada ya kufungwa kwa Mwaka wa Mapadre, ule uliotangazwa na Baba Mtakatifu Benedikto XVI kwa kumbukumbu ya miaka 150 tangu kifo cha Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars. Picha yake tulikuwa tumeibandika kila mahali kule seminarini. Miaka michache baadaye nikakabidhiwa parokia yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja. Niliingia na ari ya kijana. Nilikuta zaka imeporomoka, madaftari hayaeleweki, deni la mafuta ya gari halijalipwa, na makatekista hawajapata posho yao kwa miezi. Nikaketi na halmashauri ya walei, tukaandika taratibu, nikazitia sahihi na kuzibandika kwa mkono wangu kwenye mlango wa ofisi. Utaratibu wa nne ulisema: huduma ya mazishi itatolewa kwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya na kadi ya zaka iliyolipwa.

Asubuhi moja akaja kijana mmoja kwa baiskeli kutoka kigango cha mbali. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba.”

“Milele, amina. Karibu, mwanangu.”

“Baba, bibi amefariki usiku. Nimetumwa nikuombe uje umzike kesho.”

Nikampa pole, kisha nikamuuliza kama amekuja na barua. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenyekiti alikuwa ameandika kwa adabu kwamba marehemu hakushiriki jumuiya kwa muda wa miaka mitatu, kwamba katika kipindi hicho hakutoa zaka, na kwamba jumuiya inaliacha suala hilo mikononi mwa Baba Paroko. Mimi sikuuliza swali lolote zaidi. Nilimweleza kijana yule taratibu za parokia, nikamwambia kwamba familia inaweza kusali yenyewe, lakini padre hatakwenda na katekista hataongoza ibada. Nilitumia maneno mazuri ya seminarini. Nilisema juu ya “nidhamu ya kanisa mahalia” na “fundisho kwa walio hai”. Hakubishana nami. Alisema, “Sawa, Baba,” akaomba maji ya kunywa, akapanda baiskeli yake na kuondoka.

Miezi mitano baadaye nilikwenda kuadhimisha Misa katika kigango kile. Baada ya Misa mama mmoja akanisindikiza njiani, na tulipofika penye mwembe akanionyesha nyumba: “Ndipo alipokuwa akilala yule bibi, Baba.” Nikauliza, alilala kwa nini? Ndipo nikaelezwa kwamba alipooza upande mmoja, na kwa miaka mitatu hakuweza kuinuka bila kushikwa. Jumuiya ilikuwa imeacha kusali nyumbani kwake kwa sababu hapakuwa na viti wala mtu wa kuandaa chai. Mara mbili alimtuma mjukuu wake kwa katekista kuuliza padre atakuja lini kumpa Mpako wa Wagonjwa, na mara zote mbili akajibiwa kwamba padre atakuja karibu na Pasaka. Rozari yake walimzika nayo, imefungwa mkononi.

Ndugu zangu, daftari lilisema kweli: bibi yule hakuwa na hudhurio hata moja kwa miaka mitatu. Lakini na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa paroko wake kwa miezi kumi na minne, na katika nyumba ile nilikuwa na mahudhurio mangapi? Hakuna. Tulikuwa watoro wawili, mmoja hakuweza kuja kwa sababu ya maradhi, mwingine alikuwa na gari. Aliyeadhibiwa ni yule wa kwanza.

Tangu siku ile nilianza kusoma upya kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, na safari hii sikukisoma kwa ajili ya mtihani. Ninawaomba nanyi mwe na uvumilivu kidogo, kwa maana walei wengi hawajawahi kuelezwa mambo haya, na wasiojua haki yao hawawezi kuidai.

Kanuni ya 1176 inaanza kwa kusema kwamba waamini waliofariki wanapaswa kupewa mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Hiyo ndiyo kawaida, na kunyimwa ni pekee. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184, nao ni wa makundi matatu: walioiasi imani waziwazi, wakiwemo wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua miili yao ichomwe moto kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Na hao wote, kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, padre hakati shauri peke yake. Aulizwe Askofu, na uamuzi wake ufuatwe. Someni mara kumi, hamtaona neno zaka. Hamtaona neno daftari. Hata kitabu cha zamani cha mwaka 1917, kilichokuwa kikali zaidi na kuwataja hata waliouawa wakipigana vita vya watu wawili kwa kupatana (sijui parokia yetu ina wangapi wa namna hiyo), hakikumtaja mtu aliyekufa akidaiwa zaka.

Kuna mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba asiyelipa zaka ni “mdhambi wa wazi”. Nilimwomba anieleze, basi, mbona siku ya Jumapili anampa mtu huyo huyo Komunyo Takatifu bila kumuuliza kadi, na siku ya mauti ndipo anapoikumbuka. Alicheka, tukaendelea kula. Na wale wanaoishi katika ndoa isiyobarikiwa, ambao ni wengi, nao wasihukumiwe kwa jumla jumla. Mtu aliyemwita padre akiwa mahututi, au aliyeomba kufunga ndoa akakwamishwa na mahari, au aliyekufa akiwa ameshika rozari, huyo ameonyesha dalili. Kanisa limesema dalili yoyote. Sisi tunadai cheti.

Kisha ipo kanuni ya 1181, ambayo ningependa ibandikwe pale nilipobandika taratibu zangu. Inaruhusu sadaka zilizopangwa wakati wa mazishi, lakini inaonya juu ya mambo mawili: pasiwepo upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili. Hapa ndipo tunapaswa kuona haya. Nani kati yetu hajaona msiba wa mtu mwenye cheo? Marehemu hakujua hata jina la jumuiya yake, kwa miaka mingi alionekana kanisani Krismasi na siku za harusi, lakini siku ya mazishi mapadre wanane wamevaa kasula, kwaya mbili zinapokezana, na mwenyekiti wa jumuiya anasoma wasifu wa muumini hodari asiyekuwapo duniani. Hakuna aliyeuliza kadi. Familia ilifika ofisini ikalipa malimbikizo ya miaka yote kwa mkupuo, na marehemu akawa mwaminifu kwa siku moja. Mimi sipingi kwamba alizikwa. Alikuwa mbatizwa, alistahili. Ninapinga kwamba nidhamu yetu ina macho, na inamtazama mtu mavazi yake.

Mtaniambia, Baba, acha sheria, tuambie Maandiko. Haya. Katika kitabu cha Tobiti tunamkuta mtu wa uhamishoni aliyezika maiti za ndugu zake kwa siri, akahatarisha mali na uhai wake. Mwanzo kabisa wa kitabu hicho, kabla hatujasikia habari za maziko, Tobiti anatueleza jinsi alivyokuwa mwaminifu wa zaka: alipeleka malimbuko Yerusalemu, akatoa zaka ya kwanza, na ya pili, na ya tatu kwa yatima na wajane. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza maiti, “Wewe zaka yako iko wapi?”, ni Tobiti. Lakini alipoambiwa kwamba kuna mtu wa taifa lake ametupwa sokoni, aliacha chakula chake hakijaguswa, akaenda kumchukua. Hakuna mahali alipouliza.

Na somo la Wamakabayo, lile tulisikialo mara nyingi katika Misa za marehemu? Yuda Makabayo alikwenda na watu wake kuwachukua askari waliouawa vitani ili wazikwe pamoja na jamaa zao, wakakuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za miungu ya uongo, jambo lililokatazwa na Torati. Huo ulikuwa ushahidi kamili, tena mwilini mwa marehemu mwenyewe. Yuda alifanya nini? Aliwasalia, akawaonya walio hai, kisha akawachangisha walio hai, zikapatikana kama drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za wale waliokufa. Aliwachangisha wazima kwa ajili ya wafu. Sisi tumegeuza: tunamdai aliyekufa ili tuwatishe wazima.

Sasa nije kwenye hoja za wanaoitetea desturi hii, maana si watu wabaya, na baadhi yao ndio wanaolibeba Kanisa mabegani mwao.

Wanasema kwamba watu wamelifanya Kanisa kuwa chama cha kuzikana. Ni kweli, na inauma. Wapo wanaotukumbuka jeneza likiwa tayari sebuleni. Mwenyekiti ambaye kila juma amezunguka nyumba kwa nyumba akifungiwa milango ana haki ya kuudhika anapoambiwa leo akusanye watu kwenda kumzika mtu aliyemfungia mlango huo. Sitamdharau mwenyekiti huyo. Lakini ninamuuliza: anayeadhibiwa ni nani? Marehemu amekwisha kufika mbele ya Hakimu asiyehitaji barua yetu. Anayebaki na jeraha ni mjane, na watoto ambao pengine walikuwa wakihudhuria mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nimekutana na familia nzima zilizohamia kwenye madhehebu mengine kwa sababu ya mazishi ya siku moja. Tena, rafiki wa marehemu aliyekaa naye kilabuni miaka yote haji kanisani Jumapili, ila makaburini anakuja. Ni nafasi gani nyingine nitakayopata ya kumhubiria? Nikigoma kwenda, ninawaachia mahubiri hayo walevi wenzake.

Wanasema pia kwamba jumuiya ndogo ndogo zitakufa zisipokuwa na makali. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 katika mkutano wa AMECEA, walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji ili Wakristo wawe majirani wa kweli, wasome Neno pamoja na kusaidiana. Hawakuzianzisha ziwe vituo vya ukaguzi. Barua ya mwenyekiti ina faida yake: inanieleza marehemu alikuwa nani, alikuwa na shida gani, nani ameachwa. Ninaihitaji. Lakini haiwezi kuwa hukumu, kwa sababu kanuni ya 530 inayataja mazishi miongoni mwa kazi zilizokabidhiwa kwa namna ya pekee kwa paroko. Nikimwambia mwenyekiti aamue, nimemtwika mzigo wangu, kisha watu wakimchukia mimi nabaki Baba mwema. Huo ni woga.

Hoja ya tatu ni fedha, nami siikwepi. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa kila muumini, kanuni ya 222 inasema hivyo, na ninyi mnajua kwamba mvinyo, hostia, umeme, posho ya katekista na mafuta ya pikipiki ya kwenda vigangoni haviteremki kutoka mbinguni. Mtu mwenye kipato anayekula matunda ya jasho la wenzake na hatoi kitu anakosa, nami nitaendelea kumwambia hivyo akiwa hai, usoni pake. Lakini kitabu hicho hicho, katika kanuni ya 1287, kinadai wasimamizi wa mali za Kanisa watoe hesabu kwa waamini juu ya yale waliyoyatoa. Katika parokia ile ya kwanza nilibandika mlangoni wajibu wa waamini, na wajibu wangu nikauacha kabatini. Nilipoanza kusoma mapato na matumizi mbele ya watu kila robo ya mwaka, mpaka bei ya matairi, zaka ilipanda bila kumnyima mtu kaburi. Watu wetu si wachoyo kama tunavyowasema tukiwa mezani. Mwaka 2013 Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha katika Furaha ya Injili kwamba Kanisa si kituo cha kutoza ushuru, na mwaka 2020 Vatikano ikatoa maelekezo kwa maparokia kwamba sadaka ya Misa na ya sakramenti iwe ya hiari, isionekane kuwa bei wala kodi.

Kiini cha jambo hili kwangu kiko katika kanuni ya 529, ambayo hatuisikii sana. Inamtaka paroko ajitahidi kuwafahamu waamini waliokabidhiwa kwake, azitembelee familia, ashiriki mahangaiko yao na hasa vifo vyao, awasaidie wagonjwa, hasa walio karibu kufa, na awatafute kwa bidii maskini, wenye huzuni na wapweke. Angalieni neno hilo: awatafute. Mtakatifu Vianney alipofika Ars mwaka 1818 alikuta kijiji cha watu wapatao 230, akaanza kwa kuzitembelea nyumba zao. Mtasema, Padre, yeye alikuwa na watu 230, wewe una vigango tisa na maelfu ya watu. Ni kweli, na zipo siku za masika ambapo kigango kimoja kinakula kutwa nzima. Siwezi kuingia kila nyumba. Ninaweza, hata hivyo, kuijua kila nyumba yenye mtu asiyeweza kuinuka, nikisaidiwa. Kabla ya kuuliza kwa nini fulani haonekani, sharti niwe nimekwenda kuangalia.

Basi, wapendwa, haya ndiyo niliyoyaamua, na halmashauri ya walei imeyajadili Jumapili iliyopita kwa saa tatu, kwa ubishi mwingi. Tangazo lililokuwa ofisini kuhusu kadi ya zaka na mazishi, nililolirithi hapa na kuliacha ukutani kwa miaka miwili kwa sababu ya kuepuka maneno, limeondolewa. Hakuna katekista atakayekataa kuongoza mazishi ya mbatizwa kabla ya kuzungumza nami kwa simu, hata iwe usiku. Nikiona shaka ya kweli, nitamuuliza Askofu. Madaftari ya mahudhurio yataendelea, ila yameongezewa ukurasa mmoja wenye safu tatu: jina la asiyehudhuria, sababu, na tarehe aliyotembelewa. Safu ya tatu ni yangu pamoja na katekista, na kila robo ya mwaka itasomwa kanisani pamoja na hesabu za fedha.

Jumamosi hii, Misa ya saa 12 asubuhi, nitaiadhimisha kwa ajili ya bibi yule wa parokia yangu ya kwanza. Mjukuu wake sijampata mpaka leo, ingawa nimemtafuta.

Wenyeviti wa jumuiya mnaombwa kuleta majina ya wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani kabla ya Jumatano ijayo. Anayemjua mgonjwa ambaye hayumo katika jumuiya yoyote, naye amlete jina. Kigango cha mbali kabisa ndicho nitakachoanza nacho.

Wenu katika Kristo,
Paroko